Mjukuu Aliyezaliwa Kabla ya Mfungo Wake

Reli iliwahi kufika Nachingwea. Vijana nikiwaambia wanacheka, wanadhani mzee nimechanganya na Morogoro. Ilikuwapo. Wazungu waliijenga kwa ajili ya karanga, karanga zikawashinda, wakaondoka zao, na muda si mrefu baada ya uhuru wakaja watu kuing'oa. Treni zenyewe sikuziona nyingi. Nilichokiona sana ni kung'olewa kwake, chuma kimoja kimoja, na wale watu walikuwa hawana haraka kabisa.

Njia yetu ya shule ilipita juu ya mataruma, yale magogo yaliyochongwa yanayolala chini ya chuma. Pembeni ulijaa upupu, huwezi kupita. Sasa mataruma hayakupangwa kwa kufuata miguu ya mtoto. Ukikanyaga kila taruma unachoka, ukiruka moja moja unatanuka mpaka unasikia maumivu kwenye nyonga. Mimi nikawa nafanya yote mawili, hatua ndefu, hatua fupi, ndefu, fupi. Shule niliiacha darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, lakini mwendo ule haukuniacha. Mke wangu ananiambia mpaka leo, "Wewe unatembea kama mtu anayeruka madimbwi, na hapa ni kiangazi."

Walipomaliza kung'oa, baba na mdogo wake walibeba taruma moja wakalileta nyumbani. Kama waliomba ruhusa au hawakuomba, mimi sijui, na wao wameshatangulia. Likawa benchi la mbele ya nyumba. Nilipohamia Nambambo nililibeba kwa mkokoteni, mke wangu akanuna siku mbili kwa sababu linanuka lami. Miaka yote hiyo bado linanuka lami jua likiwaka. Watoto wetu sita wamelikalia. Na wa mwisho, binti, hapo ndipo alipokuwa amekaa, anachambua mbaazi, siku uchungu ulipomshika kabla ya wakati wake.

Alikuwa ameolewa Nkowe, upande wa Ruangwa. Mumewe anaendesha bodaboda pale Ruangwa mjini. Binti alikuja kwetu kwa sababu mimba ya kwanza kwetu mwanamke anajifungulia kwa mama yake, na alikuja mapema kwa kuwa mama mkwe wake ni mtu mkali, hilo nalisema hapa na mwenyewe analijua. Maulidi ilikuwa imepita siku tatu tu. Tumbo lenyewe lilikuwa bado halijaanza kumsumbua kulala. Tukampakia kwenye pikipiki, yeye katikati, mama yake nyuma amemkumbatia, mimi nikafuata na baiskeli, na nilipofika hospitali nikaambiwa mtoto ameshatoka.

Sikuamini kama ni mtoto. Mkono wake wote ulikuwa sawa na kidole changu hiki. Ngozi ilikuwa nyembamba, unaona mishipa, na masikio yamelala kichwani kama majani yaliyolowa. Nesi akasema, "Huyu ni njiti, mzee. Amewahi miezi miwili."

Nikamwuliza, "Ataishi?"

Akasema, "Akipata joto na maziwa. Maziwa ni ya mama. Joto ni la yeyote mwenye kifua."

Sasa binti yangu alikuwa anatapika na kizunguzungu, mama yake ana homa, na mumewe alikuwa bado njiani kutoka Ruangwa. Mwenye kifua nikabaki mimi. Wakanivua kofia na shati, upara na mvi za kifuani vyote nje, wakaniwekea yule kiumbe hapa katikati, ngozi kwa ngozi, wakanifunga kitenge. Nilikaa hivyo kwenye kiti asubuhi mpaka jioni. Kina mama wodini walikuwa wanapita wananiangalia. Mmoja akasema, "Hongera mzee, umejifungua salama?" Mwingine akajibu, "Salama, ila mtoto hafanani naye, ana nywele." Nikacheka kidogo kidogo, maana nikicheka sana mtoto anaruka.

Basi mtoto akaishi. Mengine ya hospitali nayaacha, yalikuwa ya kukaa na kusubiri. Tulirudi Nambambo akiwa bado mdogo kuliko kuku, na binti akabaki kwetu mpaka mtoto apate nguvu za kupelekwa kwa baba yake. Mke wangu alikuwa anamwita "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume. "Mume wangu leo kanyonya vizuri." Mimi nikawa nimeachwa hivi hivi.

Shida ilianza pale watu walipoanza kuhesabu.

Mama mkwe wake kule Nkowe anahesabu miezi kama tunavyohesabu sisi wote wazee, kwa mfungo. Ramadhani ikiisha unaanza: mfungo mosi, mfungo pili, na kuendelea. Maulidi inaangukia mfungo sita. Mtoto kazaliwa mfungo sita, kwa hiyo mfungo sita ukirudi ana mwaka, na mtoto wa mwaka husimama, hilo halihitaji kusomea. Maulidi ikarudi. Yule mama akaja kwetu na kanga mpya ya mjukuu na kikapu cha mchele. Akamkuta mjukuu kakaa mkekani. Kukaa alijua, tena kwa kuinama mbele kama mzee anayetafuta miwani. Kutambaa bado. Ukimsimamisha, miguu inakakamaa, anasimamia vidole, halafu inakunjika yote kwa pamoja.

Alimwangalia muda mrefu. Kisha akaomba kuzungumza na mke wangu ndani.

Alichosema ni kwamba mtoto kabemendwa. Kwa asiyejua, watu husema mama au baba akitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, mtoto hudhoofika, miguu inalegea, hatembei. Na dawa yake inaanza na kuungama: umtaje uliyelala naye, halafu ndipo mtoto aogeshwe. Mwanawe hakutoka, alimwapisha. Aliyebaki ni binti yetu, na binti yetu kakaa mwaka mzima mbali na mumewe. Akasema atasubiri mpaka Shabani. Ikifika Shabani mtoto hatembei na mama yake hajaungama, mwanawe ataandika talaka kabla ya kufunga, kwa sababu hawezi kuingia Ramadhani na jambo hilo nyumbani.

Hapa nitasema ukweli ingawa unaniaibisha. Na mimi niliamini. Sikuamini sana, niliamini kiasi cha kuuliza. Nilimkuta binti yangu amekaa kwenye taruma ananyonyesha, nikasimama, sikukaa, nikamwambia, "Mwanangu, kama kuna jambo, niambie mimi baba yako. Nitajua la kufanya."

Alimtoa mtoto ziwani, akamfuta mdomo, akafunga kanga yake.

"Baba," akasema, "wewe umekaa na huyu mtoto kifuani. Ulimwona alivyokuwa. Halafu unaniuliza mimi nilikuwa wapi?"

"Nauliza tu."

"Mimi sitaungama nisichokifanya. Wakitaka kuandika waandike. Lakini nisisikie na wewe unauliza tu."

Tangu siku hiyo akawa hanisemeshi, chakula ananiletea anakiweka chini anaondoka.

Kwa hiyo nikataka kutengeneza. Mtu akikosea kwa mdomo hutaka kutengeneza kwa jembe. Zamani kwetu mtoto akichelewa kutembea huchimbiwa shimo. Si shimo la maana mbaya. Unachimba mchangani, unamsimamisha, unamrudishia mchanga mpaka kiunoni, anasimama humo wakati nyie mnafanya kazi, miguu inazoea. Ndugu zangu wawili walichimbiwa, na wote walitembea mpaka wakaenda kuishi Masasi. Nikachimba nyuma ya nyumba, penye kivuli cha mkorosho, mchanga nikauchekecha kwa chekeche la ufuta ili usiwe na mawe. Nikangoja binti yangu aende kisimani. Nikamtia mjukuu.

Siku ya kwanza alilia, kisha akanyamaza, nikaona dawa inaingia. Siku ya pili alilia na hakunyamaza. Siku ya tatu nilipomtoa, miguu ilikuwa imenyooka kama michi miwili, haikunjiki. Nikimgusisha chini anavuta magoti juu, hataki kabisa kugusa ardhi, hata mkeka. Kabla ya hapo alikuwa anajaribu kujisukuma kwa tumbo. Sasa hata hilo aliliacha.

Mke wangu aliona mchanga kwenye mikunjo ya mapaja yake. Hakunigombeza. Aliniangalia akasema, "Umempanda mume wangu kama muhogo." Halafu akaenda kumwambia binti yetu, kwa sababu ilibidi.

Tukaenda kliniki, binti kabeba mtoto, mimi nimebeba mkoba. Nesi alikuwa yule yule wa siku ile, au mwingine anayefanana naye, sikumbuki vizuri, mwembamba, anaongea huku anafanya kazi. Alimlaza mtoto kitandani, akashika vifundo vya miguu, akavikunja taratibu, akavinyoosha, akatekenya nyayo. Akamgeuza tumboni. Akauliza, "Nani alimsimamisha?"

Nikasema, "Mimi."

"Wapi?"

"Shimoni."

Akaniangalia. Akamgeukia binti yangu. "Huyu mzee ndiye aliyembeba kifuani?"

"Ndiye."

"Basi nitamsamehe nusu," akasema. Kisha akaeleza, nami naeleza nilivyoelewa. Miguu haina ugonjwa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake mara nyingi hukaza miguu na kusimamia vidole, kwa sababu siku zile za mwisho za kujikunja tumboni hakuzipata. Ukimsimamisha kwa nguvu unamfundisha kukaza zaidi. Mweke chini, kwa tumbo, ajisukume, atambae, akitaka kusimama ajivute mwenyewe kwenye kitu kifupi kisichohama. Kigari cha magurudumu msimtengenezee.

"Ana miezi mingapi?" akauliza.

Binti akasema, "Mwaka na zaidi kidogo."

"Hapana. Alitakiwa azaliwe lini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kufikiria siku hiyo, maana haikutokea kitu siku hiyo. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, tulikuwa tunampasha joto. Nesi akafungua kadi ya kliniki ya binti, akaonyesha kwa kalamu. Ilikuwa miezi miwili mbele, mfungo nane.

"Hesabuni kutoka hapa. Kwa miguu yake, hapa ndipo alipozaliwa. Mtoto hajachelewa. Nyie ndio mmewahi."

Njiani binti yangu aliniambia neno la kwanza baada ya siku nyingi. Aliniambia, "Baba, ule mkoba umeushika kichwa chini."

Shimo nililifukia siku hiyo hiyo. Kazi yangu ikawa ya mkekani. Ni kazi ya kuchosha kuliko kulima, sikudanganyi. Unalala kwa tumbo, mzee mzima, uso kwa uso na mtoto, unamwekea bibo la mkorosho lililoiva mbele kidogo, anajivuta, unalisogeza. Wapita njia waliokuwa wanakwenda kuokota korosho walikuwa wananisalimu kwa kuchungulia: "Shikamoo babu, umepoteza nini hapo chini?" Tumbo langu lilipata malengelenge. Alitambaa korosho zikielekea kwisha, kwanza kinyumenyume, akawa anakwenda mbali na bibo badala ya kulifuata, na analia kwamba linamkimbia.

Mvua zilipoanza akaligundua taruma. Kimo chake kilimfika kifuani barabara, na halihami hata ng'ombe akilisukuma. Akajivuta, akasimama, nyayo zote chini, visigino vimegusa, nikamwita mke wangu aje aone visigino. Baada ya hapo akawa analipita lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, ubavu ubavu, mikono juu, anarudi. Anavyotupa miguu, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mke wangu akasema, "Mungu wangu, na huyu kapita relini." Lakini taruma likiisha na yeye anaishia hapo. Anakaa chini. Mbele ya hapo alikubali kwenda kama ameshika kidole changu tu, hiki cha shahada, cha mkono wa kulia. Cha kushoto hakukitaka. Cha mama yake hakukitaka. Ukikichomoa tu, anakaa.

Shabani ikaingia, ikaanza kwisha. Mumewe akapiga simu, sauti ya chini, akasema mama anawataka Nkowe siku ya Jumapili, na wazee wawili watakuwapo. Nikamwuliza, "Na wewe baba unataka nini?" Nikasikia pikipiki zinapita huko aliko. Akasema, "Baba, mimi namtaka mke wangu. Lakini yule ni mama yangu." Sikumlaumu, ila sikumsifu.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili, matope mpaka magotini. Binti yangu hakuvaa nguo ya kuombea radhi. Alivaa gauni lake zuri, akajitanda mtandio, akabeba begi dogo tu. Nikamwuliza mbona dogo, akasema, "Wakinifukuza sitaki kubeba kubwa kurudi nalo."

Uani kwa mkwe kulikuwa kumetandikwa majamvi mawili. Wazee wale wawili walikuwa kwenye moja, mama mkwe kwenye lingine. Mkwe wangu wa kiume alikuwa amesimama pembeni kaegemea pikipiki yake, alipotuona akachutama akatusalimu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, katikati ya uwanja kuna dimbwi, na bata sita wanaogelea humo. Mimi nilikaribishwa kigoda. Mjukuu alisimama kati ya magoti yangu, ameshika kidole.

Mama mkwe akaanza bila kuzunguka. "Mkwe, tulisema Shabani. Mtoto ni huyu, ana mwaka na miezi mitano, na amesimama kwa kidole cha babu. Mimi sina ugomvi. Nataka huyu mke wa mwanangu aseme, mtoto apone."

Binti yangu akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema."

"Sina la kusema, mama. Mtoto haumwi."

Mzee mmoja akakohoa. Mimi nikaona ndiyo zamu yangu. Habari ya nyonga na visigino nilijua sitaiweza, lugha ile ni ya nesi. Nikamwambia, "Mkwe, wewe unafunga kila mwaka?"

"Unaniuliza swali gani hilo? Nafunga."

"Unaanza kuhesabu siku lini? Siku mwezi umeandama, au siku uliyoanza kusikia njaa?"

"Mwezi ukiandama."

"Na mtu akianza kula daku siku mbili kabla, kwa haraka yake, atakula Idi siku mbili kabla yenu?"

Wale wazee wakacheka. Yeye hakucheka. "Atangoja wenzake."

"Mtoto huyu mwezi wake ulikuwa mfungo nane. Alitoka mfungo sita, kwa haraka yake. Unamhesabia njaa, mkwe. Hesabu kutoka mwezi wake. Kuna watoto wangapi hapa Nkowe wa mwaka na miezi mitatu wanaoshika vidole vya babu zao?"

Mzee wa pili akasema wa kwake mwenyewe, mwenye mwaka na nusu, bado anabebwa, ila huyo ni mvivu. Mama mkwe akanyoosha vidole vyake akaanza kuhesabu, mfungo nane, mfungo tisa, midomo inacheza. Akafika mahali akasimama, akarudia mwanzo. Nilimwona anataka jumla ije vinginevyo, na haiji.

Wakati huo huo bata wakatoka dimbwini. Wakajipanga, mmoja nyuma ya mwingine, wakakatiza mbele ya majamvi kuelekea nyuma ya jiko. Mjukuu wangu akageuza kichwa. Kwetu Nambambo hatufugi bata.

Sikusikia akiachia. Nilichosikia ni baridi kwenye kidole, pale palipokuwa na mkono wake. Akapiga hatua moja ndefu, moja fupi. Akayumba, mkono mmoja juu kama bado ameshika kitu. Nikataka kuinuka, binti yangu akanibana bega, "Baba, muache." Akapita jamvi la wazee. Akapita mbele ya bibi yake, aliyekuwa bado ameinua vidole vyake hewani, akamkanyagia upindo wa kanga kwa tope na wala hakumtazama. Baba yake akachutama na kumfungulia mikono, naye akamkwepa kama anavyokwepa mti.

Mama mkwe akateremsha vidole. Akamwambia binti yangu, bila kumwangalia, "Begi lenyewe ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo, mama."

"Kaliweke ndani. Kesho mumeo atafuata mengine."

Samahani hakusema, na mpaka leo hajasema. Binti yangu naye hakungoja kuisikia, alichukua begi akaingia.

Bata wakapinda kona ya jiko. Mjukuu akapinda nao, hatua ndefu, hatua fupi. Mimi nilibaki kwenye kigoda nimenyoosha kidole, nikijua atakaa chini mahali fulani, atalia, atarudi kukitafuta. Hakurudi.